Muulize Shangazi Kereza: Kirungu cha Gia

Mwezi huu barua zimeangukia kitu kimoja, kile kirungu kilicho juu ya mti wa gia. Sijui nani kawatuma. Nimechagua tano. Zile za mahari na wivu zilizopotea njia nimezipeleka kwa shangazi mwenzangu wa ukurasa wa nyuma. Mimi kazi yangu ni chuma, mbao na nailoni, na karakana yangu ni ileile ya mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam.

Shangazi, shikamoo. Nina Corolla 110, gia za mkono, tano. Kirungu chake cha asili kilibanduka ngozi, nikaenda kwa fundi akanikerezea tufe la shaba ya njano, kipenyo milimita 60, likang'arishwa mpaka unajiona sura. Kila anayepanda analisifia. Ila gari likishinda juani silishiki bila kitambaa, na nikipita kwenye rasta (yale matuta madogo ya barabarani) za Mikumi gia ya tatu inaruka na kurudi nyutro. Tena halitulii: nikilikaza leo, kesho linazunguka na namba za gia zinatazama mlango. Sasa nimechora toleo la pili lenye mifereji ya vidole. Umbo nimelipata kwa kubana udongo wa mfinyanzi, picha hiyo hapo. Nisaidie kuliboresha kabla sijatoa hela tena.
*Mwenye Corolla, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Umefanya jambo moja la maana sana: umeuliza kabla ya kukereza. Wengi huniletea kitu kikiwa kimeshang'arishwa.

Tuanze na uzito. Tufe la milimita 60 lina ujazo wa sentimita za ujazo 113 hivi, na sentimita moja ya shaba ya njano ni karibu gramu 8.5. Toa tundu la katikati, unabaki na zaidi ya gramu 900. Umefunga nyundo juu ya mti wa gia, kisha unashangaa gia inaruka.

Ndani ya giaboksi, gia uliyoingiza inashikiliwa na goroli ndogo inayosukumwa na springi ikae kwenye kishimo chake. Mti wa gia wa Corolla yako umefungwa kwenye sakafu ya gari, na huko chini unavuta kebo mbili zinazokwenda kwenye giaboksi. Gari likitikisika kwenye rasta, kile kilo chako kimoja huko juu hakitaki kufuata. Kinausukuma mti, mti unavuta kebo, na springi ya goroli inashindwa. Ukizoea na kupumzisha mkono juu yake wakati unaendesha, kama nionavyo madereva wengi, unazidi kuisugua ile uma ya ndani inayosogeza gia. Mkono ukimaliza kubadilisha gia, urudi kwenye usukani.

Kabla hujalaumu kirungu peke yake, fanya jaribio lisilo na gharama. Lifungue hilo tufe, vika mti kipande cha hosi ya mpira ili nyuzi zake za kufungia kirungu zisikukwaruze, kisha pita rasta zilezile kwa mwendo uleule. Gia ya tatu ikitulia, umempata mwizi. Ikiendelea kuruka, nenda kwa fundi wa giaboksi: huenda maunti za injini, yaani vishikizo vyake, zimelegea, au meno ya ndani yamelika, na hapo mimi na mashine yangu ya kereza hatuna msaada.

Sasa usije ukakimbilia upande wa pili ukataka kirungu chepesi kama unyoya, maana uzito wenyewe una kazi. Unapoingiza gia, sinkronaiza, pete iliyo ndani ya giaboksi, inahitaji muda kidogo kusawazisha mizunguko, na mkono unakutana na ukinzani. Kirungu chenye uzito wa kiasi kikishaanza kwenda kinauvuka ukinzani huo kwa mwendo wake, na mkono unasikia gia imeingia laini. Honda walilirudia jambo hili kwenye gari ambalo tayari lilikuwa linasifiwa kwa gia zake. Mwaka 2020 walipoirekebisha Civic Type R, gari lao la kimichezo, waliacha kirungu cha mviringo, wakarudi kwenye umbo la tone la maji, na ndani yake wakatia uzito wa gramu 90. Gramu 90, mwanangu. Kampuni nzima yenye wahandisi na viwanja vya majaribio imekaa ikaamua gramu 90, na wewe umeweka 900.

Namba zitakusaidia kuchagua. Tufe la milimita 50, kabla ya kutobolewa, likiwa la chuma lina gramu 514 hivi. La alumini 177. La mpingo karibu 80, na la nailoni kama 75. Kwa Corolla ya barabara zetu mimi ningelenga kati ya gramu 130 na 200, na ningefika hapo kwa kuchanganya: nje nailoni au mbao, ndani bushi, yaani kibomba kifupi, ya chuma.

Mchanganyiko huo unamaliza na tatizo la joto. Gari lililofungwa vioo juani saa saba mchana, ndani hupita nyuzijoto 50 bila shida. Kila kilichomo kina joto hilo, lakini chuma na shaba zinalimimina haraka kwenye ngozi yako, ndiyo maana unaruka. Nailoni na mbao zinalitoa polepole, unashika na kuendelea na safari.

Kuhusu kutotulia kwake: naamini fundi wako alikata nyuzi za bolti ya kawaida ya milimita 12, ambazo hatua yake, yaani umbali kutoka uzi hadi uzi, ni milimita 1.75. Mti wa gia wa Toyota ni 12 kwa hatua ya 1.25, nyuzi za karibukaribu. Ukilazimisha inashika mizunguko miwili halafu inakula, na kuanzia hapo haitatulia tena. Na usichukue nati ya tairi ya Toyota kupimia, ile ni hatua ya 1.5. Stadi, yaani bolti, ya tairi ya Nissan ndiyo yenye 12 kwa 1.25, na mimi ninayo moja juu ya meza, kila kirungu cha Toyota kinaonja hapo kwanza kabla hakijatoka karakana. Kiingie kwa vidole vitupu, angalau milimita 15 za nyuzi, bila kukwama na bila kuyumba. Chini yake weka nati nyembamba ya kufungia: zungusha kirungu mpaka namba zikutazame, kisha kaza nati ipande juu na kukibana. Namba hazitatazama mlango tena.

Haya, umbo. Hapa ndipo nimekaa na picha yako muda mrefu.

Kwanza, udongo umeubana kwa mkono wa kulia. Najua kwa sababu shimo la kidole gumba liko upande wa abiria. Usukani wa gari lako uko kulia, gia unabadilisha kwa mkono wa kushoto, na gumba la kushoto linakaa upande wako wewe dereva. Kingekerezwa hivyo kilivyo, ungekuwa umenunua kirungu kizuri sana cha mtu wa Lubumbashi.

Pili, hata ungebana kwa mkono sahihi, mifereji ya vidole iondoe yote. Kaa ndani ya gari, injini imezimwa, kanyaga klachi, pitia gia zote taratibu huku ukiutazama mkono. Gia ya kwanza unaisukumia mbali nawe, upande wa abiria: kiganja kinageuka kuelekea abiria. Ya tatu unasukuma mbele kwa kitako cha kiganja. Ya tano na rivasi unavutia kwako, kiganja kimegeuka. Ya pili na ya nne unarudisha nyuma, na hapo wenye kazi ni vidole. Mkono mmoja, mishiko mitatu au minne tofauti. Mifereji inafaa mshiko mmoja tu, ule uliokuwa nao ulipokuwa umekaa kwenye stuli unabana udongo. Mishiko mingine yote itakutana na matuta.

Kwa hiyo kirungu kiwe cha mviringo pande zote, lakini si tufe kamili. Tufe linasukumika vizuri na kuvutika vibaya, hasa kwa vidole vyenye jasho, maana chini hakuna pa kushika. Nakushauri umbo la tone: kichwa cha juu milimita 48, urefu wote 60, shingo ya chini 30. Kichwa kinajaza kiganja wakati wa kusukuma, na pale kinapoanza kupungua kuelekea shingoni ndipo vidole vinapata pa kunasa wakati wa kuvuta. Ndani ingiza bushi ya chuma yenye kipenyo cha milimita 20 na urefu wa 40. Vyote pamoja vitakuwa karibu gramu 135. Juu, chini ya kifuniko cha namba, mwambie fundi aache shimo la milimita 25 kwa kina cha 20. Shimo tupu unajaribu wiki moja, ukitia kizibo cha chuma unaongeza gramu 70 na kidogo, unajaribu wiki nyingine. Mkono utasema.

Vipimo hivyo ni vya kuanzia, maana kiganja chako sijakiona. Kabla ya nailoni, chonga kwanza kwa mti laini wowote, kiwe chembamba kuliko kinavyotakiwa, kisha kijaze kwa puti ya bodi, ileile ya wapiga rangi magari. Ikikauka piga msasa, paka chaki ya ubaoni kotekote, endesha mpaka sokoni na kurudi. Pale chaki ilipofutika ndipo mkono unapogusa. Palipofutika sana kama mstari, pana kona inayokukera hata kama hujaitambua: punguza. Pasipoguswa kabisa, hapana kazi, usipagharimie. Ongeza puti, piga msasa, endesha tena. Siku kiganja kitakapoacha kulalamika, chukua hicho cha puti, kipime kwa kalipa, kile kipimio cha kubana, kila milimita tano kutoka juu hadi chini, na orodha hiyo ya vipenyo ndiyo mchoro wa kumpelekea fundi. Anayekereza anapenda orodha ya vipenyo kuliko picha nzuri.

Na lile tufe la shaba usilitupe. Weka juu ya karatasi za ofisini.

Habari Shangazi. Gari yangu ni otomatiki, ile liva yake ina kitufe cha pembeni. Nataka kirungu cha duara kama cha magari ya mashindano. Inawezekana?
*Wa Nairobi, Umoja*

Haifai. Hicho kitufe kinasukuma kifimbo kilicho ndani ya mti, na kifimbo ndicho kinachofungua kizuizi ili utoke P (ya kuegesha) au uingie R (ya kurudi nyuma). Ukiweka duara tupu, kizuizi kitabaki kimefungwa na gari halitatoka. Wapo wanaokifunga kifimbo kwa waya kikae wazi daima. Hao mtoto wao akiigusa liva wakati injini inaunguruma, gari linaondoka naye. Kama kirungu ni kibaya machoni, kitengenezee ganda la ngozi lililoshonwa vizuri, kitufe kibaki nje.

Shangazi shikamoo. Mimi ni mchongaji hapa Lindi, mbao ninayo. Mteja ana Land Rover anataka kirungu cha gia cha mbao. Nitumie mninga au mpingo? Na nitakatia wapi nyuzi, ndani ya mti wenyewe? Wengine wananicheka, eti mbao ni ushamba, gari linataka chuma.
*Mchongaji, Lindi*

Marahaba. Wanaokucheka waambie kuhusu Porsche 917, gari lililoshinda mbio za Le Mans mwaka 1970 na 1971. Kirungu chake cha gia kilikuwa cha balsa, mti mwepesi kuliko karibu yote inayojulikana, kwa sababu walikuwa wanahesabu kila gramu na pia mti hauchukui joto. Miaka ya 2000 kampuni hiyohiyo ikatoa gari la barabarani, Carrera GT, na kirungu chake kikawa cha mbao zilizobandikwa tabaka kwa tabaka, kwa heshima ya yule babu yake. Ushamba wa bei hiyo mimi nautamani.

Kati ya hiyo miwili, mpingo. Mninga ni mti mzuri na unachongeka bila ugomvi, ila unyweleo wake uko wazi zaidi, utakunywa jasho na uchafu wa mikono ya dereva. Mpingo umefumana, una mafuta yake mwenyewe, na ni mzito kiasi kwamba ukiutumbukiza majini unazama. Si bure wanautengenezea klarineti, chombo kinachopuliziwa pumzi yenye unyevu saa nzima na bado kinatakiwa kibaki na kipimo chake. Na kwa kirungu, uzito wake uko mahali pazuri: mzito kuliko mbao nyingine, mwepesi kuliko alumini.

Taabu yake unaijua kuliko mimi: kupasuka. Kipande kibichi ukikikereza leo, mwezi ujao kina mstari kutoka juu hadi chini, na kwenye gari ni mbaya zaidi kwa sababu kinapikwa mchana na kupoa usiku. Chukua kipande kilichokaa, na kama hakijakaa, kipake nta ncha zote mbili, kiweke kivulini, na umwambie mteja asubiri. Akikataa kusubiri mpe mninga. Kiini penye ufa wa asili usipaweke katikati ya kirungu ukidhani bushi itapaficha, ufa hutembea.

Nyuzi usizikate kwenye mbao hata siku moja. Zitashika, halafu kila mteja anapovuta gia zinaliwa kidogo kidogo. Ingiza bushi ya shaba ya njano au chuma, nje yake uikwaruze michirizi ya kuzunguka ili gundi ya epoksi ipate pa kushika, na tundu la mti lizidi bushi kwa unene wa karatasi tu. Ukilibana bushi kwa nguvu kwenye tundu dogo, umeupasua mpingo kwa mkono wako. Ukubwa wa nyuzi usiuchukue kitabuni wala kwangu: Land Rover ni za miaka na aina nyingi, kuna hata zenye kirungu kisicho na nyuzi. Mwambie mteja akuletee kile cha zamani.

Kumalizia usipake vanishi. Kwenye kiganja inakwaruzika, inabanduka, inakuwa na mabaka. Msasa mpaka ule mwembamba kabisa, kisha nta kidogo na kitambaa. Mikono ya mteja itafanya iliyobaki. Na vaa barakoa unapokereza. Vumbi la mpingo huwasha ngozi na kusumbua kifua, na ukishaanza kudhurika nalo, linakudhuru hata likiwa kidogo.

Shangazi, shikamoo. Nasomea ubunifu. Nimesema mradi wangu wa mwisho utakuwa kirungu cha gia, wenzangu wameangua kicheko, wao wanabuni magari mazima. Nibadilishe?
*Binti, Dodoma*

Marahaba, binti yangu. Usibadilishe. Mwaka 1964 mwanamke mmoja Mjerumani, Gunhild Liljequist, aliyekuwa mchoraji wa vyombo vya kauri, aliajiriwa Volkswagen kwenye idara ya vitambaa na rangi. Golf GTI ilipoandaliwa, ikaingia sokoni 1976, ni yeye aliyeleta viti vya kitambaa cha mirabamiraba na kirungu cha gia kilichofanana na mpira wa gofu. Injini ile imebadilishwa mara ngapi tangu wakati huo! Lakini mpenzi wa GTI ukimwonyesha ule mpira mdogo wenye vishimo, anakuambia gari bila kuona bodi.

Na tazama ubunifu huo ulivyo na akili: jina la gari limeingia mkononi mwa dereva, vishimo vinazuia kuteleza, umbo linashikika kutoka pande zote. Wenzako watakabidhi michoro ya magari ambayo hakuna atakayeyapanda. Wewe kabidhi kirungu kimoja kilichofungwa kwenye gari linalotembea, pamoja na vile vyote ulivyovikataa njiani, vimepangwa kwa mfuatano na kila kimoja kina karatasi inayosema kwa nini kilikataliwa. Waalike wakaguzi wakikalie kiti na wabadilishe gia wenyewe. Ila nakuomba: usiweke kichwa cha simba wala ncha yoyote juu yake. Gari likigonga, mwili wa mtu unakuja mbele, na hicho kiko katikati yake na dashibodi. Kona zote ziwe butu.

Shangazi, nataka kukata mti wa gia wa pikapu yangu sentimita tano, kirungu kikae chini, gia ziwe fupifupi za kimichezo. Fundi wangu ameshaandaa msumeno.
*Dereva, Arusha*

Mwambie auweke chini kwanza, tupige hesabu. Tuseme kutoka pale chini mti unapoegemea na kuchezea mpaka katikati ya kirungu ni sentimita 25. Ukikata tano zinabaki 20. Mkono uliokuwa unasafiri sentimita 10 kutoka gia ya kwanza hadi ya pili sasa utasafiri 8: hilo ndilo unalolitaka. Lakini nguvu iliyokuwa ya kilo 4 itakuwa 5, na asubuhi za baridi za huko kwenu, oili ya giaboksi ikiwa nzito, utaisikia begani. Kirungu pia kitakuwa chini zaidi, mbali na usukani, na kila ukibadilisha gia utainama kidogo.

Kisha kuna jambo ambalo wenye misumeno hawalitaji: nyuzi ziko juu ya mti, zinaondoka na kipande kinachokatwa. Itabidi mti ukerezwe upya na kukatwa nyuzi mpya, na kama ni ule wa bomba tupu ndani, unene hautatosha. Ukiona umekosea hakuna kurudisha.

Tafuta kwanza kirungu kifupi chenye tundu refu, kinachozama zaidi kwenye mti. Peke yake kinakushusha sentimita mbili hivi na unakifungua usipokipenda. Ukizoea hizo mbili na bado unataka nyingine tatu, nunua mti wa pili uliotumika, ukate huo, wa asili ufunge kwenye gazeti uuweke chini ya kiti.